Mikanda minne iliyopoteza majina

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Natumia kamera ya Pentax K1000 aliyoniachia baba mdogo, na filamu nasafisha mwenyewe nyumbani. Nilipakia mikanda minne kutoka kwenye makopo mawili ya filamu ndefu, miwili ya HP5 Plus na miwili ya FP4 Plus, zote filamu nyeusi na nyeupe za Ilford, nikaandika majina juu ya plasta ya karatasi. Jumamosi asubuhi nikaenda nayo mnadani Msalato, jioni nikapiga sendofu ya dada yangu ukumbini. Jasho na vumbi vikabandua plasta zote mfukoni. Nikaiacha kamera kwenye kasi ya filamu ya 400 na kupiga yote minne hivyohivyo. Mmoja nimeshausafisha kwa dawa ya ID-11 nusu kwa nusu na maji, dakika 13, nikidhani ni HP5. Umetoka na picha za mnadani lakini ni hafifu sana, na watu waliokaa chini ya mti hawana nyuso. Imebaki mitatu, naogopa kuigusa. Niifanyeje? Au niipeleke studio mjini wanisafishie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza iache hiyo mitatu hapohapo ilipo. Mkanda ambao haujaonja dawa haujaharibika, na ukikaa ndani ya kasha lake, mbali na dirisha na mbali na jiko, utakusubiri wiki nzima bila kinyongo. Mingi ya namna hii huharibikia usiku uleule wa kugundua kosa, mwenyewe akiwa na aibu na haraka.

Studio usiipeleke. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote uliyoyataja yana namna ya kuokolewa, hili halina. Mwaka 1998 nilirudi kutoka Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, nikiwa na mikanda miwili ya Tri-X, filamu nyeusi na nyeupe ya Kodak. Dawa zangu zilikuwa zimekwisha na nilikuwa na pupa ya kuona nilichopata. Nikaingia studio moja yenye mashine ya picha za rangi, nikauliza kama wanasafisha na nyeusi na nyeupe, kijana wa kaunta akanijibu kwamba filamu ni filamu. Saa moja baadaye nikakabidhiwa vipande vya plastiki vinavyoonyesha hadi upande wa pili, kama nailoni ya kufunikia daftari. Hakuna picha, hakuna namba, hakuna herufi. Kijana yule sikumlaumu sana. Kati yetu wawili mimi ndiye niliyejiita fundi.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye filamu ya rangi, fedha iliyomo hufanya kazi ya kuziita rangi, kisha dawa za mwisho huiondoa fedha yote na kuacha rangi peke yake. Kwenye filamu yetu hakuna rangi ya kubaki: fedha yenyewe ndiyo picha. Ikiondolewa, umesafisha kwelikweli. Ipo filamu nyeusi na nyeupe iliyotengenezwa makusudi kwa dawa za rangi, XP2 Super ya Ilford, lakini hiyo imeandikwa C-41, yaani dawa za filamu ya rangi, kwenye kasha lake, na yako siyo.

Sasa chukua ule mkanda uliokwisha kuusafisha, uuweke mbele ya dirisha au juu ya skrini nyeupe ya simu, na picha zenyewe usizitazame. Tazama pembezoni, kwenye ukanda mwembamba ulio nje ya matundu. Pana namba na pana herufi. Umenieleza habari za nyuso na za mti, lakini hujaniambia pembezoni pameandikwa nini, na jibu lako lote limeanzia hapo.

Herufi hizo zilipigwa kwa mwanga kiwandani, kabla filamu haijaingia kwenye kopo lako. Kamera yako haikuzigusa. Zimepata mwanga wao kamili, zikakaa kimya kusubiri dawa. Kwa hiyo ni shahidi asiyehongeka. Zikiwa nyeusi na zimekolea huku picha ni hafifu, basi dawa ilifanya kazi yake sawasawa, na kosa liko kwenye kamera: mwanga ulikuwa mdogo. Zikiwa nazo zimefifia, basi dawa ilikuwa ya baridi, au imechoka, au muda haukutosha. Na siku ukitoa mkanda mweupe mtupu usio na hata herufi moja, ujue dawa ilikufa zamani au ulimimina fiksa kwanza, ile dawa ya mwisho inayoondoa fedha isiyokuzwa. Mara mbili katika maisha yangu nimemimina fiksa kwanza. Chupa zote mbili zilikuwa za maji ya kunywa, za lita moja na nusu, na taa ilikuwa imekatika.

Kwa maelezo yako, natarajia utasoma ILFORD FP4 PLUS, na herufi zitakuwa nyeusi vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ya hao watu wa chini ya mti. FP4 ni filamu ya 125. Ukiweka kamera kwenye 400, kila picha inapungukiwa mwanga kwa hatua moja na theluthi mbili, na kila hatua ni kupunguza mwanga kwa nusu. Kwa lugha ya dukani, umeilipa chini ya theluthi moja ya inachodai. Palipokuwa na jua, kwenye migongo ya ng'ombe na kwenye lile vumbi la Msalato, mwanga ulikuwa mwingi kiasi kwamba hata theluthi ilitosha kuandika kitu. Kivulini haikutosha. Chembe za fedha za sehemu ile hazikuamshwa kabisa, na dawa hukuza kilichoamshwa tu; hata ungeiacha humo mpaka asubuhi, nyuso zile zisingekuja.

Tena nyuso zetu ndizo za kwanza kupotea. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu mbele yake kina ung'avu wa kijivu cha katikati. Ngozi nyeusi huakisi mwanga mdogo kuliko hicho kijivu, kwa hiyo hata picha ikipigwa sawasawa, uso uko chini kidogo ya katikati. Ukipunguza mwanga tena kwa hatua moja na theluthi mbili, unausukuma mpaka ukingoni mwa giza. Vitabu vingi vya zamani vya upigaji picha vilipimia ngozi nyeupe, ndiyo maana havikupi onyo hili.

Kuna jambo moja ulilolifanya bila kujua na likakusaidia. Kwa ID-11 nusu kwa nusu, kwenye nyuzi 20, mtengenezaji anaipa FP4 dakika 11. Wewe uliipa 13, muda wa HP5. Hizo mbili za ziada zimekoleza kidogo kile kilichokuwepo. Mkanda huo usijaribu kuurudisha kwenye dawa. Ukishaingia kwenye fiksa mlango umefungwa. Upige kwa kamera ya dijitali juu ya skrini nyeupe, ukiuinua sentimita kadhaa kutoka kwenye kioo ili nukta za skrini zisionekane, kisha uongeze ukali wa weusi na weupe kwenye kompyuta. Kama unachapisha kwa mkono, tumia karatasi ya gredi 4, ile yenye ukali mkubwa wa weusi na weupe. Utashangaa negativu (filamu iliyosafishwa, ambako cheupe huonekana cheusi) ikiwa hafifu inavyoweza kusema. Negativu iliyokolea kupita kiasi ndiyo inayosumbua zaidi kuchapisha.

Tuje kwenye mitatu iliyobaki. Ikiwa wa kwanza ni FP4, basi uliobaki wa FP4 ni mmoja tu, na HP5 ni miwili. Hesabu hii ndogo inakupunguzia kazi: ukiutambua huo mmoja, miwili imejitambulisha. HP5 iliyopigwa kwa 400 haina kosa lolote, hiyo ndiyo kasi yake. Kwa hiyo tatizo lako si mikanda mitatu, ni mmoja, na hujui tu umejificha wapi. Ikiwa mkanda huo umebeba picha za sendofu, ninge­penda uujue kabla ya kuutia kwenye dawa, maana utataka kuupa muda tofauti.

Njia ni kukata kipande cha majaribio. Watu wengi hukosea hapa kwa kukata ulimi, ule mwanzo wa filamu uliouvuta ukiwa unapakia kamera. Ulimi umeona jua. Ukiusafisha unatoka mweusi tii kuanzia ukingo hadi ukingo, na herufi zimezama ndani ya weusi huo, husomi kitu. Unahitaji kipande kilicho nyuma ya ulimi, ambacho hakijaona mwanga mwingine zaidi ya ule wa kiwandani.

Fanya usiku, kwenye chumba kisicho na dirisha, kanga imekunjwa na kusukumwa chini ya mlango. Zima taa, ukae dakika tano bila kufanya lolote. Ukianza kuona karatasi nyeupe iliyo mezani, chumba hakijawa giza, ziba tena. Kabla ya kuzima uwe umekata vipimo viwili vya kadi ngumu, kimoja cha sentimita 20 na kingine cha sentimita 12, ukaviweka mkono wa kushoto mahali ambapo kidole kitavipata bila kupapasa. Mikono uioshe kwa sabuni na uikaushe hasa. Fiksa kidogo iliyobaki kwenye ncha ya kidole inaacha alama ya kidole chako kwenye shavu la bi harusi.

Makasha ya kupakia upya hufunguka kwa vidole, huhitaji kifungulio cha soda. Filamu iliyorudishwa yote ndani huwa mwanzo wake uko nje, mwisho wake uko kwenye mhimili, kwa hiyo kitakachokugusa kwanza ndicho ulimi. Shika kingo tu. Pima sentimita 20 kwa kadi ya kwanza, kata, weka pembeni: hiyo ni sehemu iliyoona mwanga. Pima 12 kwa kadi ya pili, kata: hicho ndicho kipande chako. Kinachobaki kirudishe ndani ya kasha, funga, sikiliza kifuniko kikilia. Kama una desturi ya kupiga fremu mbili za bure kabla ya picha ya kwanza, kipande kitaangukia zaidi humo, na utapoteza picha moja, pengine nusu. Fremu moja na nafasi yake huchukua milimita 38, unaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Kipande kiingize kwenye tangi la kusafishia filamu, ukitie dawa nusu kwa nusu kwa dakika 11 au 13, vyovyote. Hapa hatutafuti uzuri. Kitie fiksa, washa taa, usome pembezoni. Na kama ile nusu ya picha imekuja, itakwambia habari ya pili: ukiona pembe za ng'ombe ni mnadani, ukiona kipaza sauti na tai ya MC ni ukumbini. Kikisoma FP4, umemaliza upelelezi. Kikisoma HP5, kata na cha mkanda wa pili. Wa tatu utajulikana wenyewe. Haizidi mara mbili.

Ule ulimi uliokata usiutupe. Kipande chake kibichi, ambacho hakijaguswa na dawa, kitumbukize kwenye fiksa ukiwa kwenye mwanga wa kawaida, uhesabu sekunde mpaka plastiki iwe angavu. Mara mbili ya muda huo ndio muda wa kuweka filamu kwenye fiksa. Ukiona inachukua dakika nyingi kuliko ulivyozoea, fiksa imechoka. Filamu kama T-Max na Delta huichosha fiksa haraka kuliko hizi, na zikitolewa mapema hubaki na uwaridi fulani ambao wageni huudhani ni ugonjwa.

Sasa muda. Mikanda ya HP5: dakika 13, nusu kwa nusu, nyuzi 20, kama ulivyozoea. Pindua tangi mara nne mwanzoni mwa kila dakika, kisha liache. Usilitikise kama unatengeneza juisi.

Mkanda wa FP4 unategemea umebeba nini, na hapa naomba unisikilize, maana ushauri utakaoupata kwa wengi ni "isukume tu". Kusukuma, yaani kuzidisha muda wa dawa, hakukurudishii vivuli. Hukoleza katikati na hukoleza zaidi sehemu zenye mwanga mwingi. Ukiwa na picha za ukumbini, mwanga wa taa za pale haukuwa mkali sana, watu walikuwa kwenye mwanga wa aina moja, na nyuso ziko katikati na chini ya katikati. Hapo kuzidisha kuna faida. Mimi ningeanzia dakika 16 au 17 badala ya 11. Nyuma ya meza kuu patakuwa peusi, mapambo ya kona hutayaona, lakini dada yako atakuwa na macho. Bahati nzuri gauni la sendofu aghalabu lina rangi; jeupe la kanisani lingemdanganya kipima mwanga akupunguzie mwanga tena.

Ukiwa na picha za mnadani, usisukume. Jua la saa tano Dodoma halina huruma: kanzu nyeupe, mabati, ngozi ya mbuzi mweupe vyote vinawaka, na kivuli cha mgunga ni shimo. Tofauti hiyo tayari ni kubwa kuliko unavyotaka, nawe ukizidisha dawa unaipanua tena. Kanzu itakuwa jiwe jeusi kwenye negativu, na nyuso za kivulini zitabaki hazipo vilevile. Upe dakika 13 kama ule wa kwanza, basi. Zile picha za kwenye jua zitakuwa nzuri kuliko unavyoogopa. Vivuli huamuliwa kwenye kamera, weupe huamuliwa kwenye tangi. Picha zako za mnadani zimeshakosa cha kwanza, usiziharibie na cha pili.

Hayo yote yanataka nyuzi 20, na huku kwetu nyuzi 20 hazipatikani kwa kufungua bomba. Maji ya tangi la juu lililoshinda juani mwezi wa Oktoba yanafika kwenye 28 bila taabu. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila nyuzi moja inayozidi inapunguza muda kwa takriban sehemu moja ya kumi. Dakika 13 za nyuzi 20 ni kama 9 kwenye nyuzi 24. Juu ya hapo sipendi: muda ukishuka chini ya dakika 5, dawa hushika upande mmoja kabla ya mwingine na anga la picha linakuwa na mawingu ambayo hayakuwepo. Gandisha chupa mbili za maji, uziweke zielee kwenye beseni la maji, na chupa ya dawa uisimamishe katikati. Barafu usiitie ndani ya dawa, utakuwa umebadilisha kipimo chake bila kujua. Kipimajoto cha duka la dawa cha kupimia homa hakikufai, kinaanzia juu mno.

Na maji ya visima vya huku mengi yana chumvi. Kuoshea si neno, lakini suuzo la mwisho lifanye kwa maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, na tone moja la sabuni ya vyombo. Sema wazi unataka ya kuongezea. Ukipewa yale makali ya asidi, kitakachotoboka si filamu peke yake. Anika bafuni baada ya kumwaga maji sakafuni, ili vumbi lilale. Upepo wa Agosti Dodoma unapita hata kwenye tundu la kitasa.

Labda huna chumba cha giza cha kuaminika, au mkono unatetemeka, au hutaki kupoteza hata fremu moja ya dada. Basi kuna njia ya pili, na inatokana na jambo ambalo watu wachache hulitazama kwenye jedwali la mtengenezaji. Ukitumia ID-11 yenyewe bila kuongeza maji, HP5 inataka dakika 7 na nusu na FP4 8 na nusu. Nusu kwa nusu, mambo yanageuka: HP5 inataka 13, FP4 11. Lakini ukichanganya sehemu moja ya dawa na sehemu tatu za maji, zote mbili zinaandikiwa dakika 20. Zinakutana. Katika mchanganyiko huo huhitaji kujua ni ipi. Ukiweka yoyote utakuwa sahihi kwa HP5, na kwa FP4 utakuwa umeipa haki yake ya kawaida, bila nyongeza. Dawa nyepesi nayo hupunguza kidogo ukali wa sehemu zenye mwanga, kwa hiyo ya mnadani itashukuru.

Tahadhari moja tu kwenye njia hiyo. Lita moja ya ID-11 husafisha mikanda 10, yaani kila mkanda unahitaji kama mililita 100 za dawa halisi. Tangi dogo la Paterson la mkanda mmoja linachukua mililita 290, na ukigawa kwa nne unapata 72 tu. Dawa itaishiwa nguvu katikati ya safari. Tumia tangi la mikanda miwili, weka mkanda mmoja chini na rili tupu (gurudumu la kuzungushia filamu) juu, ujaze mililita 600: dawa 150, maji 450. Ukimaliza imwage, haitumiki tena. Ukifuata njia hii, anza na mkanda mmoja peke yake, usome herufi zake, ndipo uamue wa pili. Wa kwanza ukitokea kuwa FP4, miwili mingine irudishe kwenye dakika zako 13 za kawaida.

Ungekuwa umekosea kinyume chake, ukapiga HP5 kana kwamba ni 125, nisingekuandikia barua ndefu hivi. Filamu hizi hustahimili mwanga wa ziada wa hatua moja na nusu au mbili. Ungepunguza muda kidogo, moja ya kumi hivi, na negativu zingekuwa nzito lakini zimejaa. Ndiyo maana mtu asiyejua ameshika nini afadhali aweke kamera kwenye kasi ya chini kati ya mbili anazozishuku. Wewe uliweka 400 ukidhani ndiyo salama. Salama ilikuwa 125 mnadani, jua lilikuwepo la kutosha. Ukumbini ningekubaliana nawe kwamba 125 ingekupa picha za mikono inayotikisika, hapo hukuwa na njia nzuri.

Plasta ya karatasi achana nayo. Makasha ya kupakia upya yanauzwa meusi yote yanafanana kama mapacha, na kalamu ya wino wa kudumu haishiki juu ya plastiki yenye jasho. Mimi nakata pembe ya ulimi kwa mkasi: ya 125 haina alama, ya 400 ina mikato miwili midogo ukingoni, sentimita mbili kutoka ncha. Ukiwa gizani unaisoma kwa kidole gumba. Kabla ya kuingiza kwenye rili unaikata hiyo sehemu, isije ikanasa. Kile kifaa cha kupakilia nacho kiandike, maana kopo moja la mita 30.5 hutoa mikanda kama 18 ya picha 36, na ukikosea pale hujakosea mkanda, umekosea kopo zima.

Ungeniuliza kama kuna haja ya kubeba filamu mbili siku moja, ningekujibu hapana. HP5 peke yake ingekutosha: K1000 yako inafika sekunde 1/1000, na jua la Msalato kwa filamu ya 400 ni tundu la lenzi f/16 kwa sekunde 1/500, kwa hiyo ulikuwa na nafasi. Ungevalisha lenzi kichujio cha manjano mchana na kukivua jioni. Lakini najua utamu wa FP4 kwenye ngozi ya ng'ombe, sikulaumu.

Usiku wa kwanza kata kipande kimoja tu, ulale. Dada akiuliza picha mwambie ziko kwenye foleni, na ukishasoma herufi za ule mkanda wa kwanza niandikie zilikuwa nyeusi kiasi gani.